Niliandika nyumba tupu ya London, mlinzi wa Bukavu akapoteza kazi

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, nyuzi zenu nazisoma na kuondoka bila neno. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana vibaya.

Nafundisha Kifaransa shule ya secondaire. Mwaka jana watu saba tunaopenda vitabu tulianzisha groupe ya simu ya kuandika hadithi pamoja. Kila mmoja anaandika chapitre moja, yaani sura, halafu wasomaji waliojiunga wanajadili nani kaua.

Tulichagua Uingereza ya enzi za malkia Victoria. Ukungu, magari ya farasi, taa za gesi, na nyumba tupu ambamo bwana mmoja alionekana akiingia, hakuonekana akitoka.

Chapitre ya tatu iliniangukia mimi. Kazi yangu ilikuwa kuielezea hiyo nyumba.

Sasa London mimi sijafika. Hata Kigali nimefika mara mbili tu. Siku tatu karatasi nyeupe. Ya nne, nikienda shuleni, nikapita mbele ya nyumba moja ya matofali kwenye avenue yetu, ya wakati wa Wabelgiji. Wenyewe wako Ulaya. Dirisha moja la juu limezibwa kwa mlango wa kabati, waridi limepanda mpaka kwenye paa. Nikaiandika vile vile ilivyo.

Ningeishia hapo ingekuwa sawa.

Lakini nyumba ile ilikuwa na zamu, mlinzi wake. Nimwite Papa Ntwali. Mzee wa Kalehe, mguu wa kushoto unaburuta kidogo, anaongea na mbwa wake kwa Kihavu. Kila asubuhi alikuwa ananisalimia. Nikamtia naye ndani. Nikamfanya mlinzi wa Kiingereza, mguu ule ule, mbwa yule yule, na nikaandika kwamba alionekana akichimba chini ya waridi huku mvua inanyesha.

Wasomaji walipenda mno. "Ni mlinzi." "Hapana, hiyo ni rahisi sana, mlinzi anamficha mtu." Mjadala siku nzima. Sijawahi kusifiwa vile kwa kitu nilichoandika, na nakiri nilikuwa nafungua simu hata darasani.

Kisha dada mmoja akaandika: "Hii nyumba naijua. Iko hapa hapa Bukavu." Akaweka picha.

Hapo ndipo nilipaswa kusema kitu. Niliweka kicheko tu.

Wiki hiyo watu wakaanza kupita kuitazama. Mtu mwingine akakata chapitre yangu peke yake, akaondoa London, akaituma kwenye magroupe mengine na picha juu yake. Ilipofika kwa watu wasiojua kuwa kuna hadithi, ilikuwa imeshageuka habari. Mzee yuko Bukavu, nyumba tupu, mtu kazikwa chini ya maua.

Asubuhi moja Papa Ntwali akanisimamisha kwenye geti.

"Mwalimu, batu banakuja kupiga photo ya nyumba. Banasema kuna mambo kwenye simu. Mimi niko na hii ya vitufe tu. Unisomee."

Nikasimama pale nikamsomea chapitre yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye mguu, niliruka. Kwenye kuchimba, niliruka pia.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya kichwa cha mbwa.

"Huyu mwenye aliandika anatazamaka muzuri," akasema. "Ule mulango ya kabati, mimi njo niliipigilia, mwaka mvua ilivunja vioo."

Kisha akauliza: "Sasa mbona banasema niliua mutu?"

"Ni hadithi tu, Papa. Bataichoka."

"Aliyeandika ananijua?"

Nikasema sijui.

Wakuu, tulikuwa wawili tu pale, kengele ya shule bado haijalia, hakuna aliyenikimbiza. Nikasema sijui.

Siku chache baadaye akaja binamu wa wenye nyumba, maana maneno yalikuwa yamewafikia huko Ulaya. Walichimba chini ya waridi, wakakuta mizizi. Hata hivyo familia iliona aibu, wakamwambia mzee apumzike. Miaka kumi na moja aliilinda nyumba ile. Alirudi Kalehe na mbwa wake.

Nilimwandikia yule binamu, nikamweleza yote na kumtumia chapitre za mwanzo. Akajibu kwa heshima: "Madame, nimeelewa. Lakini tumeshapata mtu mwingine."

Kwenye groupe niliomba tuifunge hadithi. Wenzangu walinihurumia, lakini wasomaji walikuwa wanauliza kila siku chapitre inayofuata iko wapi, basi ikaendelea. Mimi nilitoka. Mpaka leo sijui nani kaua.

Nilichojifunza ni hiki: mtu aliye hai, kabla ya kumtia kwenye hadithi yako, nenda ukamuulize. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mimi niliacha siku moja, ikawa mbili, sasa ni miezi.

Juzi nilipata namba yake kwa mama anayeuza makaa karibu na ile nyumba. Nikapiga. Akapokea mke wake.

"Papa iko kwenye shamba ya mihogo. Njo nani?"

"Ni mwalimu wa Bukavu, yule wa kupita asubuhi."

"Aa, mwalimu. Anakusemaka sana. Anasema batu bote balimukimbia, wewe njo ulibakia kumusalimia. Nimuambie nini?"

Nikasema: mwambie nimemusalimia.

Kalehe si mbali, ni safari ya asubuhi moja. Niende nikamwambie usoni? Au nitakuwa nimejitua mzigo mimi, na yeye nimempokonya hata yule mtu mmoja aliyebaki naye? Aliyewahi kukaa na kitu kama hiki anisaidie mawazo. Hata mkinilaumu, nitasoma yote.