Mikono ya Mjomba na Diski Zinazokatika

Wanamwita Bwana Harusi, ingawa ameoa mara moja tu na hana mpango wa kurudia. Kazi yake ni kuhariri video za harusi. Amewaona maharusi wakilia, wakicheza, wakikanyagana miguu, na wote amewaona akiwa chumba cha nyuma, kwenye meza yenye laptopu, diski mbili za nje za kuhifadhia video, na kile kijisanduku ambacho wenye kazi yao hukiita doki. Diski na skrini huchomekwa kwenye doki, kisha waya mmoja tu unakwenda kwenye laptopu.

Mjomba wake, fundi cherehani aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alikuwa akiishi nao. Bado alipokea kazi ndogondogo: kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Na kila asubuhi, kabla Bwana Harusi hajakaa, mjomba alikuwa ameshaifuta ile meza. Ndivyo alivyozoea kazini kwake, fundi haanzi kazi mpaka mashine ipanguswe. Aliinua diski moja baada ya nyingine, akapitisha kitambaa chini yake, akairudisha taratibu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo. Wote nyumbani waliliona hilo na hakuna aliyelisema.

Kisha diski zikaanza vituko. Katikati ya kazi, mlio mdogo, na diski imetoweka kwenye skrini. Itarudi ikijisikia. Siku moja ilikatika wakati faili zinahamishwa, na hotuba ya baba wa bibi harusi ikaharibika yote, mzee akabaki akifungua mdomo tu bila sauti. Mteja alikuja juu, na Bwana Harusi, aliyenyamaza mbele ya mteja, akazihamishia hasira zake sebuleni.

"Mjomba, umegusa tena waya zangu?"

"Nimefuta vumbi tu, mjomba."

"Vumbi, vumbi! Mikono yenyewe inatetemeka hiyo, hujioni? Unalegeza waya, halafu anayeaibika ni mimi!"

Mkewe akamkata jicho, lakini maneno yalishatoka. Mjomba alikuwa ameshika sindano. Akaichomeka kwenye nguo, akaitazama mikono yake, akailaza mapajani. "Basi," akasema, "nimesikia." Wiki ile haikwisha, akahamia kwa binti yake. Eti amewakumbuka wajukuu. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyemzuia.

Asubuhi ya kwanza bila mjomba, meza haijaguswa na mtu, diski zikakatika. Zote mbili kwa pamoja.

Bwana Harusi akazikagua waya. Akafanya kama wengi wetu tufanyavyo, akajitafutia sababu. Labda mjomba alishavilegeza vitundu vya kuchomekea waya. Akanunua waya mpya, zikakatika. Akabadilisha vitundu, zikakatika. Akaingia kwenye mipangilio ya laptopu, akazima ile hila yake ya kuzilaza diski ili kubana umeme, nazo zikakatika vilevile. Mkewe akapita mlangoni.

"Vipi, zimetulia sasa?"

"Kidogo," akajibu bila kugeuka. Aliona aibu hata kwa kisogo chake.

Mwishowe akazichomeka diski moja kwa moja kwenye laptopu. Zikashinda zimetulia tuli. Kumbe shida ni doki. Akaufuata waya wake wa umeme mpaka chini ya meza, akapiga magoti, akamulika chaja kwa simu. Haikuwa chaja ya doki. Hapo ndipo alipokumbuka. Ile ya asili ilikufa, naye akafungua ile droo ya machaja yaliyofiwa na vyombo vyake, maana kila nyumba inayo, akatoa ya kifaa cha zamani cha intaneti. Plagi ikaingia, taa ikawaka, naye akasema kilichoingia kimeingia. Nguvu yake haikufika hata nusu ya ile iliyoandikwa chini ya doki. Diski moja iliweza kujikongoja nayo. Zikiamka mbili pamoja, umeme hautoshi, zinaanguka. Ni yeye mwenyewe aliyeiweka.

Alinunua chaja sahihi. Tangu siku hiyo diski hazikukatika tena. Kila alipoitazama meza, vumbi likianza kujilaza juu yake, alijiona mtu mbaya, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Enhe, diski zako zimetulia?"

"Zimetulia, lakini..."

"Afadhali!" Mzee alifurahi kwelikweli. "Nilimwambia binti yangu, mimi nikiondoka tu zitatulia. Unisamehe, mwanangu. Nilikuharibia kazi za watu."

"Hapana, mjomba, nisikilize. Haikuwa mikono yako. Ilikuwa chaja. Niliweka chaja isiyo yake, mimi mwenyewe, na zilikatika hata ulipoondoka. Mikono yako haina kosa. Rudi nyumbani."

Mjomba akacheka kidogo, kwa upole.

"Una moyo mzuri wewe. Tangu mdogo hupendi kuona mtu ameumia. Usihangaike kunitungia hadithi, mjomba. Nilishalikubali. Hata cherehani nimeshampa fundi wa mtaa huu. Nguo za watu nazo si za kujaribia."

Bwana Harusi akaapa. Akaieleza upya habari ya chaja, nguvu yake, droo, diski mbili kuamka pamoja. Mjomba alimsikiliza kwa subira, akiitikia "ndiyo, ndiyo," vilevile alivyokuwa akiitikia uongo wake wa utotoni, mpaka akamaliza. Kisha mzee akamuuliza kama mkewe hajambo.