Papa wa Nazi Kwenye Semina ya Papa

Aliyependekeza papa ni mimi. Tulipewa kazi ya kupika chakula cha semina pale Kibaha, bosi wangu akataka kitoweo cha kipwani, nikadakia kwamba papa mkavu wa mama yangu hana mpinzani. Mama anamuuza kwa vipande, kwenye beseni, kule Mzenga, Kisarawe. Nilishaanza kuota wageni wanamwagiza kila semina, mama anafungua duka lenye kabati la kioo.

Nilipoingiza chai ukumbini ndipo nikajua semina yenyewe inahusu nini. Watu wa uvuvi walikuwa wanaandaa mpango wa taifa wa kuwalinda papa. Ukutani palikuwa na picha ya papa mwenye kichwa kama nyundo. Mtaalamu mmoja wa makamo akasema huyo anakwisha, anavuliwa kabla hajazaa, na wanapendekeza asivuliwe wala kuuzwa. Nikalitua birika mezani.

Nikakimbilia jikoni.

"Bosi, tusipeleke ule mchuzi!"

"Umechanganyikiwa? Saa saba hii, niwape nini, hadithi zako?"

Mama humpokea papa ameshakatwa na kutiwa chumvi, hana kichwa, hana mapezi. Angemjuaje? Na mimi ndiye niliyembeba mpaka mbele ya wanaomtafuta.

Mchuzi ulipofika ukumbini, yule mtaalamu alifunua sufuria, akanusa, akatabasamu. Halafu tabasamu likakatika.

"Binti, huyu ni papa gani?"

"Mkuu, kula kwanza, kikao baadaye!" mtu akatania, ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Sijui. Shikamoo," nikajibu, salamu ikitoka mwisho.

"Marahaba. Mmemtoa wapi?"

Ningesema sokoni, yangeisha. Lakini nilikumbuka ile picha, papa anayevuliwa kabla hajazaa, roho ikaniuma.

"Kwa mama yangu, Mzenga."

"Usiogope, hatumkamati mtu. Tunataka kujua anapitia kwa nani mpaka kufika huko ndani, mbali na bahari."

Nikamtajia namba ya simu. Akaiandika kwenye daftari, nami nikahisi nimemwandikisha mama polisi.

Alasiri mama akapiga.

"We mtoto, kuna baba kanipigia, kesho wanakuja kuangalia beseni langu. Umewaambia nini?"

"Ukweli, mama."

Nikasikia beseni likiburutwa.

"Mimi hata huyo wa kichwa cha nyundo wanayemsema simjui," akasema taratibu. "Sasa usiniache peke yangu nao. Njoo leo hii."

Nikavua aproni.