Hidaya, Mwonja Uyoga

Ukinunua uyoga katika soko la Kasongo, muuzaji anakula kwanza. Ndiyo desturi, na hakuna anayeiona ajabu. Anabandika sufuria ndogo juu ya babula, jiko letu la makaa, anachemsha vipande vichache vya kila aina iliyo kapuni, anatafuna mbele yako, nawe unaitazama shingo yake. Kipande kikishuka, unanunua. Mimi nauza sabuni na chumvi pembeni ya Hidaya, na shingo yake nimeitazama mpaka nimeichoka. Uyoga wenyewe siuli.

Hidaya ni mwanamke wa hapa hapa mjini, wa nyumba ya Kiislamu, mwembamba, na sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Uyoga analetewa alfajiri kwa pikipiki kutoka misitu ya upande wa Kabambare, ukiwa umefungwa kwa majani. Anaupanga kwa ukoo. Ukoo wa kichuguu, wenye shina refu lililozama ardhini, ni watu wa heri, anasema, haujamdhuru mtu. Ukoo wa magogo ni mgumu kutafuna, lakini mwaminifu. Kisha kuna ule mweupe wenye kijifuko shinani. Huo ndio mtamu kuliko yote, na ndio unaomchosha mtu roho, kwa sababu mle mle ndani ya ukoo mmoja kuna ndugu wa kuliwa na ndugu wa kuua, na wamefanana sana.

Zamani Ramadhani ilituangukia kiangazi, wakati uyoga hakuna, na Hidaya alifunga kwa amani. Lakini mwezi unasogea, na sasa umeingia katikati ya mvua. Mwanzoni watu walikubali neno lake tu. Mwaka huu wamekataa. Kabla ya mwezi kuandama, nyumba moja ilikula uyoga ulionunuliwa njiani, ikazika mtoto. Haukuwa uyoga wa Hidaya, kila mtu anajua, lakini nani anasikiliza?

Na uyoga hausubiri. Usipouzwa leo, jioni umekuwa ute. Mume wake Ayoubu yuko kitandani na mguu uliovimba tangu mvua zianze, na kapu lile ndilo linalolisha nyumba nzima.

Siku moja ya mfungo akaja Malaika, mke wa muuza vitenge, kutafuta cha kufuturisha watu wake. Akainua uyoga mmoja, akaunusa.

"Mama Hidaya, leo ni muzuri. Kula basi nione."

"Malaika, miye niko nafunga."

"Hata miye niko nafunga. Lakini siwezi kupelekea watoto yangu kitu sijaona mutu anakula."

Nilitaka kumrushia kipande cha sabuni. Mtu amefunga, anamwambia mfungaji mwenzake afungue, ili yeye apate futari! Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wamekunja mikono, wanangoja.

Hidaya akaniangalia. Alivyokuwa amechoka, nilidhani atakula tu, Mungu atamsamehe. Ndipo Léontine akacheka kutoka upande wa pili. Léontine ni Mkristo wa kijiji kimoja cha Kabambare, anauza sombe, yale majani ya muhogo, na unga wa muhogo wenyewe.

"Leta, nitakula miye. Kwaresima yetu inakataza nyama, haikatazi buyoga. Hidaya akisema ni muzuri, ni muzuri."

Wateja wakafurahi, kinywa kimepatikana. Hidaya akachochea makaa, akachemsha. Léontine akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akachagua kipande cheupe, akakipuliza, akakipeleka mdomoni.

Mkono wa Hidaya ukamdaka. Kipande kikaanguka majivuni.

"Iko sumu?" Malaika akauliza, tayari amerudi nyuma.

"Hapana. Niliangalia moja moja. Ni ile naletaka siku zote."

"Sasa mbona umemushika?"

Hidaya akalivuta kapu. Akaanza kuutoa ule mweupe kapuni na kuutupa mtaroni, mmoja mmoja, mpaka kapu likabaki nusu. Akasema polepole, bila kumtazama mtu:

"Kama ni miye, ningekula bila kufikiri. Nimeona huyu anataka kula, moyo imenipasuka. Ni leo tu nasikia uchungu yake. Miaka yote nakula mbele yenu, hata mutu moja hajanishika mukono."

Niliona aibu, nikajifanya napanga sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari. Léontine alilia waziwazi, kwa sauti. Malaika alichungulia kapuni. Kisha, Mungu amsamehe, akauliza:

"Na ile ya kichuguu? Nani ataonja?"

"Hakuna mutu. Ukitaka, peleka. Ukiogopa, acha."

Malaika akaacha, na wenzake wakamfuata. Alasiri kapu lilianza kuvuja maji, likanuka. Hidaya alikaa nalo bila kuita mteja, na jioni akaenda nyumbani na fungu la sombe alilopewa na Léontine. Ayoubu aligomba kidogo, nasikia, kisha akala.

Baada ya Idi hakurudi kwenye uyoga. Sasa anauza muhogo, meza moja na Léontine, na mahali pake pembeni yangu amekaa muuza samaki mwenye domo. Faida ni ndogo, wote wawili wanalalamika. Muhogo nao una ubaya wake: ule mchungu usipolowekwa vya kutosha unalemaza watu miguu. Lakini hakuna mteja anayemwuliza Hidaya lolote. Malaika anakuja, anaminya unga, anapimiwa, anaondoka.

Hata hivyo, unga mpya ukifika, kabla haujapangwa mezani, Léontine anasonga bugali kidogo na wanakula wote wawili, kila mmoja na tonge lake. Juzi nilimwuliza Léontine kwa nini wajisumbue, na kama ni lazima, si mmoja angetosha? Akaniangalia kwa hasira.

"Sasa akule yeye peke yake?"