Swali la Bi Mize

Juzi wajukuu zangu waliinamia simu, wakishangilia ndege zilizokuwa zikilipua mji katika vita vya mbali. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, iliyonukia karafuu mbichi.

Tulikuwa barazani kwa jirani yetu, Bi Mize, tukichambua karafuu na kuyatenga makonyo, vile vijiti vyake. Mwanawe, Hamad, alikuwa askari vitani. Redio ilipiga bendi ya jeshi, kisha ikatangaza maadui waliouawa, nasi tukapiga makofi.

Bi Mize hakupiga. "Na wetu je?" aliuliza. "Mbona hawatajwi?"

"Kwani wewe Bi Mize uko upande gani?" mjomba wangu akamtania.

Watu wakacheka. Bi Mize akaendelea kuchambua, lakini karafuu na makonyo akawa anavitia kapu moja.

Mimi niliamini kwamba vitani hufa maadui tu, maana redio haikutaja wengine. Nikadhani Bi Mize haipendi nchi yake.

Hamad hakurudi.

Basi juzi nikawauliza wajukuu kwa upole, "Na hao wanaokaa hapo chini je?"

Mkubwa wao hakuinua macho. "Kwani bibi uko upande gani?"