Dua ya Kupunguza Maji

Ziwa lilipoingia nyumbani kwa mdogo wangu, mimi nilifurahi. Nalisema mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulipamba baadaye.

Siku ile yenyewe sikufurahi, nililia kama watu wote. Tanganyika ilikuwa imepanda tangu masika. Ilikula mchanga, ikala barabara ya chini, na asubuhi moja mdogo wangu akashusha miguu kitandani akakanyaga maji. Walikuja kwangu mtaa wa Cibitoke, hapa Bujumbura, na mkokoteni, maana mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mji mzima: magodoro, masufuria, kuku, watoto, na shemeji yangu nyuma yao, televisheni kichwani kama mtungi. Mdogo wangu alisimama mlangoni, kitenge kimelowa hadi magotini.

"Dada, tumekuja. Hatuna pengine."

"Na mi nilikuuliza?" nikamjibu. "Ingia, usiniletee inzi."

Ndivyo ninavyopenda watu, kwa kuwafokea. Wanaonijua wamezoea.

Furaha ilikuja siku chache baadaye, kwa mlango wa jikoni. Tangu mume wangu afariki na binti zangu waolewe, mmoja Kigoma, mwingine Uvira, nilikuwa napika katika kisufuria ambacho ungedhani ni cha kuchemshia maziwa ya mtoto. Chakula cha mtu mmoja hakina ladha, utie chumvi utie pilipili. Siku hiyo nikateremsha sufuria kubwa, ile iliyopikiwa arobaini ya mume wangu, nikaipangusa vumbi, nikapika maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tukala kwenye sinia moja, mikono ikigongana. Kitinda mimba akamwibia dada yake ndagala, vita ikazuka, nikawagonga wote wawili na mwiko. Kisha nikatoka uani kujifanya natafuta mkaa, kwa sababu nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilicheka mpaka nikakumbuka nilichokuwa nakicheka. Kufa kufaana, wazee walisema, na mimi siku zote nilidhani msemo ule ni wa wauza sanda. Niliporudi ndani mdogo wangu alikuwa ameshika tonge, hali. Nyumba ile ameijenga chumba kwa chumba kwa kuuza mukeke sokoni, na mikono yake mpaka leo inanuka samaki hata siku ya Idi.

Kila baada ya magharibi shemeji alitusalisha sebuleni, katikati ya magodoro, kisha akainua mikono. "Ee Mola, punguza hii maji. Uturudishe kwetu." Na sisi nyuma yake tukaitikia, "Amin."

Jioni za kwanza niliitikia. Halafu jioni moja nikakohoa mahali pa Amin. Nyingine nikaruka kabla hajamaliza, "Jamani, ugali unaungua!" Watoto wakacheka kwamba dua ya mama mkubwa iko jikoni. Sikuomba maji yapande, naapa. Sikuomba yashuke pia, na mbele ya Mwenye kujua ya vifuani sidhani tofauti ni kubwa.

Kila Ijumaa baada ya swala shemeji alipanda baiskeli kwenda kuangalia alama aliyochora kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule yake. Alirudi suruali imekunjwa, matope mpaka kwenye goti. "Maji iko palepale, shemeji." Mimi nikasema, "Subhana Allah," nikatikisa kichwa kwa huzuni inayotakiwa, na moyo wangu ukakaa kitako. Jioni hiyo nilizidisha mchele. Mdogo wangu alikonda, mimi nikanenepa. Jirani akaniambia kwenye uzio kwamba nimependeza, nikaona haya kama aliyefumaniwa.

Siku moja nilikuwa kwenye cherehani, nashona nguo ya bi harusi wa watu, mdogo wangu akaja akakaa chini, karibu na mguu wangu kwenye pedali.

"Dada, naomba kitu. Watu wanasema dua ya mujane haina pazia. Unifungie saumu kwa ajili ya nyumba yangu. Alhamisi tu."

"Mungu si fundi, hapokei oda," nikasema.

"We funga tu, Dada. Mi nimeomba mupaka nimechoka."

Nikafunga. Jua la Bujumbura unalijua, na cherehani inakausha koo. Magharibi nikainua mikono, naye akakaa mbele yangu akinitazama midomo. Nilisema, "Ee Mola, mrudishie mdogo wangu nyumba yake." Na chini ya maneno hayo, bila ruhusa yangu, kitu kikasema: lakini si sasa. Nilipomaliza akanipa uji alioupika mwenyewe, kikombe akakishika kwa mikono miwili. Niliunywa wote. Sijapata kumeza kitu kwa aibu kama uji ule.

Maji yalishuka. Kiangazi kilikuwa kimefika, hiyo ndiyo sababu, na ziwa halikuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini Ijumaa ile shemeji alipiga kengele ya baiskeli tangu kona ya barabara, na mdogo wangu akanirukia shingoni, vigelegele sikioni mwangu. "Ni wewe! Ni ile funga yako!" Akaitangaza barabara nzima. Wanawake wakaanza kuja na haja zao: huyu mtoto wake afaulu mtihani, yule mume wake aache pombe. Niliwafukuza kwa ukali hata wakazidi kuamini kwamba mimi ni mcha Mungu.

Wakaenda. Nikaisugua sufuria kubwa, nikairudisha juu. Nilimfurahia kweli, naomba mniamini. Nilimwona mdogo wangu akipanda kwenye mkokoteni pamoja na magodoro, anaimba, na nikafurahi. Na nilikuwa nataka kuketi chini nilie. Yote mawili yalikaa kifuani pamoja, hakuna lililompisha mwenzake.

Walipomaliza kukwangua tope na kupaka chokaa wakaita watu kwa dua ya kurudi nyumbani. Nilifika mapema kusaidia kupika. Alama ya mkaa bado ilionekana kwa mbali chini ya chokaa. Mdogo wangu akanishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na kitanda kipya, chandarua, na kando ya dirisha nafasi tupu iliyofagiliwa.

"Hapa ya mashini yako," akasema. "Hii chumba ni yako, Dada."

Nikamuuliza nani kamwambia nahitaji chumba.

"Ile siku ya ndagala nilikuona mu uwanja, unacheka peke yako. Nikasema, kumbe dada yangu alikuwa na njaa ya watu hivi, na mi siku zote sijui."

Alikuwa ameniona. Tangu siku zile za mwanzo, nyumba yake ikiwa imejaa maji, alikuwa ameniona nikicheka, na bado akaja kukaa kwenye mguu wangu kuniomba nifunge. Nikalia. Wanawake waliokuwa jikoni wakachungulia, naye akawaambia kwa fahari, "Mumuache. Analia juu ya furaha yangu."

Baada ya chakula shemeji akainua mikono. "Ee Mola, hii maji isirudi tena."

Nikaitikia, "Amin," kwa sauti iliyowapita wote, mpaka watoto wakageuka. Mdogo wangu akatabasamu. Nilishusha macho kwenye mkeka. Ilikuwa rahisi kuisema sasa: kitanda nilikuwa nimeshapewa.