Kufuli kwenye Nyumba ya Mboga

Kama hasira ingekuwa mbolea, Firmin wa Hagsätra angelisha Stockholm nzima na mabaki akayapeleka Uppsala. Alikasirikia lifti, alikasirikia mvua ya Juni, alikasirikia ndizi za dukani kwa sababu zimebandikwa karatasi. Kwenye gereji ya mabasi alikofanya kazi ya kuosha, wenzake walizoea kumpisha asubuhi mpaka amalize kugombana na mpira wa maji. Lakini mtu asimdharau. Hasira ya wengi huishia mdomoni. Ya Firmin ilikuwa na mikono, na mwaka ule wa 2009 ilisimamisha nyumba nzima ya mabomba na nailoni, bila fundi, bila ramani, na bila kumsikiliza mtu yeyote.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kulala watu. Ilikuwa ya mboga.

Chanzo kilikuwa sombe, yaani kisamvu. Sikukuu ya Pasaka walikwenda Spånga kwa Jean-Bosco, kaka yake Célestine, mke wa Firmin. Mezani kulikuwa na sombe ya friza, ile inayouzwa imeganda kama tofali. Firmin akaonja, akaweka kijiko chini, akaanza. Kwao milimani Lubero, alisema, mboga huchumwa kabla umande haujakauka. Yeye mwenyewe akiwa kijana aliwahi kuvuna kabichi iliyobebwa na watu wawili. (Alipoisimulia miaka ya nyuma ilibebwa na mtu mmoja, ile kabichi bado inakua.) Na mtu anayelisha wageni barafu, aliongeza, aone haya kuiombea baraka.

Jean-Bosco ni mtu mnene mwenye sauti ya pole, na upole huo ndio unaomtia Firmin wazimu. Alijifuta mdomo taratibu, bila haraka.

"Shemeji, harusi ya Ema ni Agosti. Bon. Tuletee hizo mbichi, tuone."

Watu wakacheka. Ema ni Emmanuella, binti pekee wa Firmin, na siku hiyo hakuwepo, alikuwa kazini. Firmin angecheka na wenzake yakaisha. Badala yake alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akaapa mbele ya nusu ya kanisa kwamba siku ya harusi kila mgeni atakula lengalenga (wengine huiita mchicha) na matembele mabichi, yaliyooteshwa na mikono yake, hapahapa Stockholm.

"Nikishindwa," akasema, "neno la baba utalisema wewe."

Hapo kicheko kilikatika. Maana kwa watu hawa, kabla ya chakula cha harusi baba wa binti husimama. Hueleza mtoto huyu ni nani, ametoka kwa nani, na anamkabidhi kwa nani. Baba asiyesema neno lake amekuja kula tu, kama jirani. Firmin alikuwa akilitunga neno hilo tangu Ema hajaota meno ya pili. Alilifanyia mazoezi ndani ya mabasi matupu, akihutubia viti. Célestine alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alichelewa. Maneno yalishatoka na Jean-Bosco alishayapokea kwa kutikisa kichwa.

Basi kazi ikaanza. Firmin alikuwa na kiwanja cha bustani nyuma ya reli, vile viwanja vidogo ambavyo Waswidi huviita koloni, ambako watu hulima viazi na kunywa kahawa. Kwanza aliotesha matembele nyumbani. Alinunua viazi vitamu, akavikalisha kwenye glasi za maji madirishani, mpaka sebule ikawa kama maabara ya kichaa na Célestine akawa anawapa wageni chai kwenye vikombe vya plastiki. Kisha akaanza nyumba. Alipigilia nondo ardhini safu mbili, akachukua mabomba meusi ya maji, akayapinda na kuyavika kwenye nondo huku na huku yakawa matao. Juu akapitisha ubao mrefu wa kuyashika mgongo. Mafundo yote aliyafunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, kama mizigo inavyofungwa kwao, na kila fundo alilivuta kana kwamba ni shingo ya Jean-Bosco. Mwisho akatandika nailoni nzito, kingo zake akazifukia kwenye mtaro pande zote, akazishindilia udongo kwa kisigino.

Jirani yake wa bustani, mama wa Kiswidi aitwaye Josefina, mstaafu, mwembamba, asiyejua kuzungusha maneno, alikuja na kikombe chake cha kahawa akaizunguka nyumba ile. Alisifu matao. Halafu akauliza hewa itapita wapi. Akashauri pembeni pasifukiwe, nailoni iweze kukunjwa juu siku za jua.

Firmin alimjibu kwamba amelima kabla Josefina hajajua koleo ni nini, jambo lisilowezekana kwa sababu Josefina alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Joto analitafuta kwa shida, akasema, halafu mtu anamwambia alitoboe. Milango miwili inatosha: mmoja mbele, mmoja nyuma. Asubuhi anafungua akienda kazini, jioni anafunga. Josefina akainua mabega, akarudi kwenye viazi vyake.

Na ukweli usemwe, nyumba ilifanya kazi. Kufikia Julai lengalenga ilifika kiunoni, nyekundu na kijani, imejaa katikati. Matembele yalitambaa pembeni mpaka yakaanza kupanda nailoni. Firmin alikuwa akiwaalika watu wa kanisa mmojammoja waje waone, na kila aliyekuja alisimuliwa kabichi. Jean-Bosco tu ndiye hakualikwa.

Wiki mbili kabla ya harusi akakuta tuta zima la matembele limekatwa hadi shinani. Josefina alimwonyesha kinyesi mlangoni, vidonge vidogo vyeusi, akamwambia ni swala wa msituni, wanapita hapa kila mwaka. Firmin alichuchumaa, akavitazama vidonge vile kwa muda mrefu, akasimama na hukumu yake tayari. Swala gani anachagua matembele tu? Huyu ni Jean-Bosco. Na kinyesi je? Amekuja nacho mfukoni. Célestine aliposikia hayo alikaa chini kucheka, na kicheko kile ndicho kilichomalizia kumharibu mumewe. Alikwenda dukani akarudi na makufuli mawili. Kuanzia siku hiyo milango yote ilifungwa kwa kufuli, na alianza kudamka na kupitia bustanini hata wakati wa chakula cha mchana, ili afungue na kufunga kwa mkono wake mwenyewe. Josefina aliomba aachiwe ufunguo mmoja, kwa dharura. Firmin alimkatalia, alikuwa amemwona akimsalimia Jean-Bosco siku moja stesheni.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya harusi. Asubuhi ilikuwa ya mawingu na manyunyu, baridi kama ya Lubero. Firmin akaona hakuna haja ya kufungua. Alikagua makufuli, akatia funguo kwenye mfuko wa koti la suti, akaenda kanisani.

Kanisani Firmin alikuwa mzee wa nidhamu. Ndiye aliyesimama mlangoni na kikapu akikusanya simu za watu, na ndiye aliyepitisha sheria kwamba hakuna kutoka kabla ya baraka ya mwisho, isipokuwa wenye watoto wachanga. Majira ya kuchipua Jean-Bosco alijaribu kuchomoka kwenda kutazama fainali ya mpira. Firmin alimrudisha kitini mbele ya watu kwa kumshika kiwiko.

Siku hiyo alikuja mhubiri mgeni kutoka Södertälje. Alikuwa mtu mwenye kipaji, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kutochoka. Alianza na Adamu. Alipofika kwa Nuhu, mwanga mweupe ulipiga sakafu ya ukumbi, na Firmin, aliyekaa mstari wa mbele na wazee wengine, aligeuka dirishani. Mawingu yalikuwa yameondoka yote. Anga lilikuwa tupu, la buluu, na jua limekaa katikati yake.

Alitoa jasho kabla hajajua kwa nini. Kisha akajua. Mhubiri alikuwa bado jangwani na Musa na hakuonekana kuwa na haraka ya kutoka. Firmin alimchukia Musa. Alichukia kwaya iliyoitwa katikati, na sadaka ya pili, na mama mmoja aliyeomba ashuhudie kidogo tu. Mwishowe aliinama kama mtu anayetafuta choo, akatembea ubavuni mwa ukuta hadi mlangoni. Kwenye kiti cha mlangoni, mikono imekunjwa juu ya tumbo, alikuwa amekaa Jean-Bosco.

"Baraka bado, mzee," alisema Jean-Bosco kwa sauti ya chini.

"Nipishe."

"Sheria ni yako, shemeji. Mimi naitunza tu."

Watu walianza kugeuka. Kama si pale, pengine angempiga. Lakini mzee wa nidhamu hawezi kupigana mlangoni pa kanisa wakati mgeni anahubiri uvumilivu. Firmin akarudi kitini, akakaa, akahesabu dakika mpaka baraka. Simu yake mwenyewe ilikuwa kwenye kikapu, chini ya nyingine zote, inalia bila sauti.

Baraka ilipotoka alikuwa wa kwanza nje. Ema na Célestine walimfuata kwenye gari lake dogo wakiuliza kuna nini, naye alikuwa akiitukana kila taa nyekundu. Jean-Bosco akaja nyuma na gari lake. Alisema baadaye kwamba alitaka kusaidia, na inawezekana hata alimaanisha.

Walipofika, Firmin aliiona nyumba yake kwa mbali akapiga ukelele. Nailoni ilikuwa imechanwa. Ubavu wa kulia ulipasuliwa kuanzia mlango hadi mlango, wa kushoto vivyo hivyo, vipande vinapeperuka. Pembeni alikuwa amesimama Josefina, uso mwekundu, kisu cha jikoni mkononi.

Firmin alimwendea kwa Kiswidi, kikaisha. Akaendelea kwa Kifaransa, kikaisha. Akamalizia kwa Kiswahili ambacho hakiandikiki. Josefina alimsubiri atue pumzi. Kisha naye akamfokea, kwa sauti ya mtu aliyepiga simu mchana kutwa bila kupokelewa. Kulikuwa na tanuri humu ndani, alisema. Majani yalikuwa yanalala chini mbele ya macho yake, na milango ina makufuli kama benki. Alitaka afanye nini, asimame anywe kahawa?

Firmin akaingia kwa kupitia kwenye mpasuko. Lengalenga ya katikati ilikuwa imekwisha. Imelala chini, nyeusi, inanuka kama mboga iliyosahaulika jikoni. Pembeni tu, penye mipasuo ya kisu cha Josefina, hewa ilipowahi kuingia, matembele yalikuwa yamenyauka lakini yako hai. Aliokota shina moja la lengalenga likamlegea mkononi.

Jean-Bosco alichungulia. Hakucheka, na hilo Firmin hakuweza kumsamehe.

"Uliapa lengalenga na matembele," alisema. "Nayaona matembele. Pole, shemeji. Nitalisema vizuri, neno lako."

"Neno gani?" aliuliza Ema.

Célestine ndiye aliyemweleza, kwa ufupi, bila kumhurumia mume wala kaka. Ema, ambaye tangu shule ya msingi humjibu baba yake kwa Kiswidi, safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, akilipima kila neno.

"Papa, hilo neno ni la kwangu. Linasemwa juu yangu. Wewe umeliweka kamari kwa mchicha."

"Si mchicha, ni lengalenga," alisema Firmin, na alitamani kuyameza maneno hayo kabla hayajafika.

"Basi husemi wewe. Wala mjomba hasemi. Atasema mama."

Akarudi kwenye gari, akajifungia ndani.

Wiki ile Firmin alimkasirikia kila mtu aliyepumua. Alimkasirikia Célestine kwa kukubali. Alibisha kwamba mwanamke kusema neno la baba ni jambo ambalo halijawahi kuonekana, na Célestine akamuuliza kama mboga kupikwa shambani iliwahi kuonekana. Alimkasirikia mhubiri, akapendekeza kwa wazee saa ya ukutani iwekwe mbele ya mimbari. Lakini kila jioni alikwenda kumwagilia, na kila jioni Josefina alikuwepo, na kwa kuwa hawakusemeshana walifanya kazi haraka. Ijumaa walichuma matembele pamoja, magunia yakajaa.

Siku ya harusi wageni wote walikula matembele mabichi. Kabla ya chakula Célestine alisimama. Alisema: "Huyu ni Emmanuella. Alizaliwa tukiwa tunakimbia. Baba yake alimbeba mgongoni, alikuwa anamtukania njia yote, mawe, matope, askari, na mtoto alilala. Filip, mkwe wangu, huyu akiwa na hofu, usimwambie anyamaze. Mbebe, ukasirike kwa niaba yake."

Akakaa. Hata Waswidi waliotafsiriwa nusunusu walilia. Ema alishuka kutoka meza ya maharusi, akaja kusimama nyuma ya kiti cha baba yake, akaweka kidevu juu ya kichwa cha baba kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Firmin hakulia. Alikuwa amekasirika sana: miaka yote ile ya kuhutubia viti vya mabasi, na hajawahi kufikiria kuliweka lile la mgongoni. Jean-Bosco, kando yake, alisukuma sahani akaomba matembele tena.

"Chukua," alisema Firmin. "Hayana barafu."

Nyumba ya nailoni bado iko. Ubavu wake wa kulia na wa kushoto hukunjwa juu siku za jua, na mgeni akiuliza, Firmin humwambia kwamba mpango huo aliubuni mwenyewe. Josefina huwa yuko hapo karibu, na kikombe chake, anamtazama. Ufunguo wa kufuli, ule aliokuwa amenyimwa, uko mfukoni mwake, ingawa kufuli lenyewe lilishatupwa.