Wa Tano Kutoka Langoni

Mama Rangi ana kasoro moja ambayo fundi mwingine angeificha: hawezi kubuni sura. Mwambie akuchoree kibao cha duka la dawa, saluni au gari la maziwa, atakuchorea mpaka usahau ulikuwa unakwenda wapi. Lakini akifika kwenye uso wa mtu, mkono unagoma mpaka akumbuke mtu anayemjua. Ndiyo maana kichwa kilichonyolewa vizuri pale kwa kinyozi ni cha marehemu mumewe, na yule mwanamke anayecheka kwenye ukuta wa kliniki ya meno ni wifi yake, ambaye, tuseme ukweli, meno yake ni majanga matupu.

Basi kanisa lilipompa ukuta wa nyuma ya madhabahu achore watu wanaoingia mbinguni, mtaa mzima ulipata shughuli. Watu walipita "kusalimia tu," wakanyoosha shingo, wakajitafuta. Mzee Misumari, mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijikuta wa pili kutoka langoni. Alifurahi, akaomba tu tumbo lipunguzwe kidogo.

"Huko unakokwenda wanakujua, Mzee," alisema Mama Rangi, na tumbo likabaki lilivyo.

Kicheko kiliisha Alhamisi, alipomaliza wa tano. Mzee Misumari aliinua macho, uso ukambadilika. Wa tano alikuwa mtoto wa mama anayefagia kanisa, yule aliyefungwa kwa kuiba kinanda cha kwaya.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Anaingia mbinguni. Kama wewe."

"Mama Rangi, usinichezee. Jumapili hatusali mbele ya mwizi. Mfute."

Sasa, Mama Rangi mwenyewe ni mwanakwaya. Miezi mingi waliimba bila kinanda, wakipotezana njiani, naye alimlaani yule kijana kwa kinywa chake, tena bila kumung'unya maneno. Kuiba aliiba, hakuna aliyebisha; hakimu naye alishasema lake. Lakini kwa mtu wa tano alitaka sura ya mtu anayeingia mahali bila kujua kama atakaribishwa, na mkono ukamleta huyu. Alijaribu kumkwepa siku mbili nzima. Alipokubali, alimchora kwa nusu saa, na alipomaliza akajikuta anampenda.

Hawakujua kuwa mfagiaji amesimama kwenye mlango wa pembeni, ufagio mkononi. Tangu siku ya hukumu hakuwahi kulitaja jina la mwanawe mbele za watu. Kila siku alikuwa anafagia, anafunga madirisha, anakwenda zake.

"Mfute tu, mwanangu," mfagiaji alimwambia Mama Rangi. "Sitaki watu wagombane kwa ajili yetu."

Maneno hayo yalimchoma Mama Rangi kuliko ukali wote wa Mzee. Alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akakitia mkononi mwa Mzee Misumari.

"Mimi niliitwa kuchora. Kufuta, panda mwenyewe. Ngazi hiyo hapo."

Mzee Misumari si mtu wa kurudi nyuma mbele ya wanawake wawili. Alipanda, ngazi ikilalamika, mpaka akawa uso kwa uso na kijana. Akainua kitambaa. Mkono ukaishia hapo.

Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu.

"Bati," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kijana aliwahi kuwa mpakiaji dukani kwake. Siku bati lilipomchana, Mzee mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, damu ikimshukia shatini.

"Aliimba njia nzima," Mzee aliuambia ukuta. "Nikamwambia nyamaza, utaishiwa nguvu. Akasema anaimba ili mimi nisiogope."

Alikaa huko juu muda mrefu, hata Mama Rangi akaenda kuishika ngazi. Mafuta ya taa yalimtiririka Mzee mkononi hadi kwenye kiwiko, naye hakujifuta. Kisha alishuka polepole, kitambaa bado hakijagusa ukuta, akamgeukia mfagiaji. Tangu kesi iishe hakuwahi kumtazama usoni.

"Hivi, mama... anatoka lini?"

"Mwakani, mwezi wa nane, tarehe kumi na tisa," mama alijibu kabla hajamaliza kuuliza. "Itakuwa Jumatano."